Karatasi Kumi na Mbili za Visima

Mwaka ule wa 2007 Goreti alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kumi na minne kati ya hiyo alikuwa ameimaliza akitumbukiza kamba visimani.

Ndiyo kazi iliyomleta Nachingwea. Alitoka Muleba mwaka 1993 akiwa na cheti cha ufundi wa maji na sanduku la bati, akaambiwa atakaa miaka miwili. Miwili ikazaa mingine. Aliolewa na mwalimu, akamzaa Sofia, akafiwa na mwalimu. Aliandika barua tatu za kuomba uhamisho: ya kwanza ilijibiwa kwamba avute subira, ya pili haikujibiwa, ya tatu hakuipeleka. Sofia alikuwa shule ya bweni Mtwara. Ofisini walimwita Bi Goreti, vijijini walimwita Mama Sofia, na yeye mwenyewe, akiwa peke yake, hakuwa na haja ya kujiita jina lolote. Alikuwa amechoka tu.

Visima vyake vilikuwa kumi na viwili: vinne kata ya Chiola, huku Nachingwea, vinne Nandagala na vinne Narung'ombe, upande wa Ruangwa. Kila mwezi alivizungukia vyote. Alitumbukiza kamba yenye kipande cha chuma mwishoni mpaka kiguse tope, akaivuta, kisha akapima sehemu iliyolowa. Hiyo ndiyo maji. Iliyobaki kavu ni safari ya ndoo. Aliandika kwenye daftari, akakunja kamba, akaenda kwingine.

Kila mwisho wa mwaka alichora. Alikuwa na karatasi za miraba, zote za aina moja, na kwa kila kisima alitoa karatasi mpya. Mstari wa chini kabisa ulikuwa tope. Kila sentimita mbili kwenda juu zilikuwa mita moja ya maji. Hakulichagua jambo hilo kwa hekima yoyote. Ndivyo karatasi ilivyomruhusu. Lakini wanawake wa kamati za visima, ambao wengi wao hawakusoma, waligundua jambo ambalo Goreti mwenyewe hakuwa amelifikiria: kwamba mita moja kwenye karatasi ya Mama Sofia ni sawa na unene wa kidole kimoja, kidole cha mkono uliozoea jembe. Basi wakawa wanasoma kwa vidole. Walilaza kidole kwenye mstari wa tope, wakaongeza kingine juu yake, na kingine, mpaka waufikie mstari wa maji. "Mwezi wa tano tulikuwa na vidole vitatu," walisema. Na maji yakipungua yasijaze hata nusu ya kidole, walisema wamefika ukuchani. Narung'ombe walifika ukuchani kila mwaka, kuanzia Septemba.

Kutokana na hayo ikaja desturi. Karatasi haikutoka Nachingwea kwenda Lindi kabla wenye kisima hawajaipima kwa vidole, wakatia saini au dole gumba kwa nyuma. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo. Ilikuwapo tu, na Goreti aliifuata.

Mwezi wa Agosti ikaja habari kutoka Lindi. Mradi wa maji wa mkoa ulikuwa umepata mtambo wa kuchimba kisima kirefu, ila mtambo wenyewe ungefika mara moja tu kabla ya mvua. Kisima kimoja, kata moja. Kamati ya huko ingeketi Ijumaa ya mwisho wa mwezi, iangalie michoro, na kata itakayoonekana kukaukiwa zaidi ndiyo ingepata. Michoro iwe ya kompyuta, walisema, wastani wa kila mwezi kwa miaka yote, na kila kisima kiwe na karatasi yake.

"Umesikia, Bi Goreti?" Bwana Adinani, msimamizi wa ofisi, alizungusha funguo kidoleni. "Mambo ya kalamu yamepitwa na wakati. Na gari linaondoka Alhamisi saa kumi."

Goreti alisikia. Alisikia pia jambo ambalo Adinani hakulisema: kwamba namba zilizomo kwenye madaftari yake, miaka kumi na minne ya kamba na tope, zilikuwa na siku moja tu ya kusikilizwa. Hakutaka kumpendelea mtu. Alitaka tu karatasi iseme kile kamba ilichomwambia.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imeletwa Juni, pamoja na Enock, mtaalamu kutoka Dar es Salaam, aliyekaa wiki tatu akamfundisha kuandika amri za kuchora. Palikuwa na kitu ambacho Enock alikiita maktaba, ingawa hakikuwa na kitabu hata kimoja. Ni amri nyingi zilizokwisha kuandikwa na watu wengine. Wewe unaziita kwa majina, zinakuchorea. Goreti alizipenda kidogo, kama mtu anavyompenda mgeni asiyesumbua.

Jumatatu aliandika amri zake kwanza kwa penseli daftarini, kisha akazigonga kwenye kompyuta kwa vidole viwili. Kwa kila kisima kwenye orodha: soma namba zake, chora mstari, andika jina juu, hifadhi mchoro, nenda kinachofuata. Akaiamuru ifanye. Ikafanya, kwa muda mfupi kuliko wa kumeza mate. Miaka yote ile alikuwa akitumia wiki mbili.

Alichapisha zote bila kuzitazama, kwa sababu macho yalikuwa yanamwasha. Ndipo Adinani alipoziokota kwenye mashine ya kuchapia.

"Hii ni nini? Umechora mizizi ya muhogo?"

Karatasi ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja. Ya pili ilikuwa na miwili. Ya tatu mitatu. Kila kisima kilikuwa kimepanda mgongoni mwa wenzake waliotangulia, na ile ya kumi na mbili ilikuwa na mistari kumi na miwili iliyosokotana, kila mmoja na rangi yake, chini ya jina la kisima kimoja.

Mtandao wa simu ulipatikana nyuma ya ofisi, mtu akisimama juu ya msingi wa tangi la maji. Goreti alipanda.

"Shikamoo, Mama Sofia!"

"Marahaba. Enock, mashine yako inanidhalilisha. Nimeiambia ichore visima kumi na viwili, imevimimina vyote mahali pamoja."

"Uliiambia ifungue karatasi mpya?"

"Si nimemaliza kisima kimoja nikaenda kingine? Inaona nimemaliza."

"Haioni, mama. Ukimaliza kisima, iambie ifunge. Ukianza kingine, iambie ifungue. Usipoiambia, itaendelea kuchora palepale mpaka kiama."

"Mtoto wa darasa la pili anajua kugeuza ukurasa."

"Mtoto wa darasa la pili amechapwa viboko. Hii haijawahi kuchapwa."

Alicheka, kidogo, akashuka msingini taratibu kwa sababu ya goti. Miaka yote aliyochora kwa kalamu hakuwahi kuhesabu kwamba kutoa karatasi mpya ni kazi. Mkono ulifanya wenyewe. Sasa akaongeza amri mbili: juu, fungua karatasi mpya, chini, baada ya kuhifadhi, ifunge. Akaiamuru tena. Zikaja karatasi kumi na mbili, kila moja na mstari wake, safi, wa bluu, umeijaza karatasi kuanzia chini mpaka juu. Zilikuwa nzuri. Mtu aliyechoka haulizi sana mbele ya kitu kizuri. Taa ya wino kwenye mashine ya kuchapia ilikuwa imeanza kuwaka na kuzima.

Jumanne alikuja Kipriani, mwenyekiti wa visima vya Chiola, ambaye alikuwa na shughuli zake mjini. Alizitazama karatasi zake nne, akalaza vidole, akatazama tena mwezi wa Oktoba ambapo mstari ulishuka mpaka chini kabisa. Akatabasamu. Akatia saini upesi, akaomba radhi kwamba ana haraka.

"Narung'ombe si lazima uende," Adinani alisema. "Mafuta hakuna. Watazionea Lindi."

"Lindi hawaendi, Bwana Adinani. Inakwenda karatasi."

Akapewa gari, kwa kununiwa. Jumatano asubuhi Dotto, dereva, alimpitisha Ruangwa na vumbi lake, na kabla ya saa tano walikuwa Narung'ombe, kwenye kisima kilicho karibu na ofisi ya kata. Foleni ilikuwapo kama kawaida. Madumu yalikuwa yamepangwa mstari mrefu, kila moja na alama ya mwenyewe, kitambaa au kibunzi cha mahindi, na wanawake wamekaa pembeni wanangoja maji yajikusanye chini. Huwezi kuyaharakisha. Unachota ndoo tatu, unangoja.

Mwamina, mwenyekiti wa kamati, alifuta mikono kwenye kanga kabla ya kushika karatasi. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mwembamba, ambaye hakupenda kuamkiwa mara mbili.

"Imekuwa ya kizungu," alisema.

"Ni ya kompyuta."

Mwamina akaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, akalaza kidole cha kwanza. Cha pili. Alipofika cha nne, mkono wa kwanza ukaisha, akaleta mwingine. Wanawake wakasogea. Vidole vinane, na nafasi kidogo.

"Mama Sofia, hiki ni kisima cha nani?"

"Chenu. Jina limeandikwa hapo juu."

"Jina silijui kulisoma. Maji nayajua. Hiki si chetu."

"Vidole vinane mwezi wa tano!" mmoja alidakia. "Kumbe tulikuwa tunaogelea."

"Waulizeni wanaume wameyapeleka wapi."

"Wanaume gani? Hao hata kisima hawajui kiliko."

Walicheka, na Goreti akajaribu kucheka nao, kisha akaonyesha ukingo wa karatasi. "Namba ziko pembeni," alisema. "Hapa juu kabisa ni mita mbili. Si nane. Mkisoma namba, ni kisima chenu kabisa."

"Nipe ya Chiola."

Goreti akampa. Mwamina akaziweka sawia. Mstari wa Chiola ulipanda mpaka juu mwezi wa tano, ukashuka mpaka chini Oktoba. Mstari wa Narung'ombe ulipanda mpaka juu mwezi wa tano, ukashuka mpaka chini Oktoba.

"Hawa ni mapacha," Mwamina alisema. "Hao wa Lindi wataketi muda gani?"

"Saa moja, labda."

"Na chai imo humohumo?"

"Imo."

"Karatasi kumi na mbili, saa moja, na chai. Namba za pembeni atazisoma nani?"

Goreti alikuwa akizitazama zile karatasi mbili kwa macho ya Mwamina, na sasa aliona vizuri mno. Alipokuwa amevitenga visima, kila kimoja na karatasi yake, mashine ilikuwa imekipima kila kimoja kwa kipimo chake chenyewe. Kisima chenye maji mengi kilikuwa kimebanwa kikatosha, kisima chenye maji machache kilikuwa kimevutwa mpaka kijaze. Hata tope halikuwa tope tena. Mstari wa chini ulikuwa tu mahali maji ya kisima hicho yalipofikia mwisho wa kupungua. Oktoba ya Chiola ilikuwa na mita tatu nzima chini yake, hazionekani. Akakumbuka tabasamu la Kipriani.

Na kosa halikuwa la mashine. Kwa kalamu hakuwahi kuamua karatasi ianzie wapi iishie wapi, kwa sababu miraba ilikuwa imekwisha kuamua. Hakujua kama hilo nalo lilitakiwa kusemwa.

"Dole silitii," Mwamina alisema, bila ukali.

"Usitie, Bi Mwamina. Nimekosea mimi."

"Umechoka, dada. Uso umekushuka. Kaa kwanza."

"Nikikaa sitainuka."

Hawakupitia Nandagala wakati wa kurudi. Dotto aliendesha mpaka walipoiacha Ruangwa, kisha akasema, "Lakini yule mama angekuwa mhasibu, kuna watu wangefungwa." Goreti alikuwa amefumba macho. Hakuwa amelala.

Alhamisi saa mbili asubuhi umeme ulikuwapo. Kurekebisha kulichukua muda mfupi: amri moja kati ya zile zinazorudiwa kwa kila kisima, inayosema kwamba kila karatasi ianzie sifuri na iishie mita nane, bila kujali kisima. Alianza kuchapisha Narung'ombe. Mstari ulitoka umelala chini kabisa kwenye karatasi, mwembamba, na karatasi nzima juu yake ikiwa tupu. Hakuwa ameuona hivyo hata siku za kalamu. Utupu ule ulimfanya aketi.

Nne za Narung'ombe zikatoka. Nne za Nandagala zikatoka, ya mwisho ikiwa imefifia kama shati lililofuliwa sana. Kisha mashine ikameza karatasi, ikairudisha nyeupe.

Adinani alisimama mlangoni. "Wino ndio huo. Mwingine uko Mtwara."

"Zimebaki nne za Chiola."

"Za Chiola si zipo? Za juzi. Zimetiwa saini. Ziunganishe, gari liondoke."

"Zile zina kipimo kingine. Ukiziweka na hizi, Chiola wataonekana wamekauka Oktoba mpaka tope."

"Namba ziko pembeni."

"Hata mimi nilisema hivyo jana, nikaumbuka."

Adinani akapumua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutaka siku iishe. "Bi Goreti, wamesema kompyuta. Unataka kuwapelekea mchanganyiko, nusu mashine nusu mkono, waseme Nachingwea hatuna akili?"

"Wamesema kila kisima na karatasi yake. Nitazichora kwa mkono. Gari ni saa kumi."

"Saa kumi. Si na robo."

Alitoa karatasi za miraba. Ili zilingane na zile za mashine ilibidi apige hesabu ya kipimo upya, apige mistari ya pembeni kwa rula, aandike majina kwa herufi za kusimama. Karatasi ya kwanza ilimchukua saa nzima. Ya pili aliikosea mwezi wa Julai, akaitupa, akaanza upya. Macho yalitoa machozi yasiyo ya huzuni wala furaha, yakamdondokea mkononi, akawa anainua kichwa ili yasiloweshe karatasi. Chakula cha mchana kilipita bila kumwona. Saa tisa na nusu alikuwa anamaliza ya nne, na Kipriani wa Chiola, aliyeitwa kwa simu, alikuwa amesimama ubavuni.

Kipriani alilaza vidole. Mwezi wa tano, saba. Oktoba, vitatu. Safari hii hakutabasamu.

"Ya juzi ilikuwa nzuri zaidi, Bi Goreti."

"Ya juzi ilikuwa ya uongo, Bwana Kipriani. Na wewe uliona."

"Niliona." Aliishika kalamu bila kuandika. "Na sisi tuna watoto. Vidole vitatu vya Oktoba vina funza."

"Najua. Nimevipima mimi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni vitatu."

Nje Dotto alikuwa amekwisha kuwasha gari. Mwishowe Kipriani akatia saini zote nne, akaiweka kalamu mezani kwa adabu iliyozidi, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo, wakikutana sokoni, alimwamkia kama anavyoamkiwa mtu wa ofisini.

Dotto alipitia Narung'ombe na Nandagala kabla ya kushika njia ya Lindi. Aliporudi Jumamosi alisimulia kwamba Mwamina alihesabu vidole viwili mwezi wa tano, akashuka nao mpaka Oktoba, akaweka ukucha. Alilikandamiza dole gumba mpaka wino ukaonekana upande wa pili.

Barua ilikuja wiki ya pili ya Septemba, mistari minne: mtambo utakwenda Narung'ombe. Kamati ilishauri pia kwamba safari nyingine michoro yote iwe ya mashine, kwa sababu ya unadhifu. Adinani aliisoma kwa sauti, akampigia Goreti makofi mawili matatu. Goreti alisema asante. Alitegemea kwamba atafurahi, na kweli palikuwa na kitu, lakini kilikuwa mbali, kama ngoma ya kijiji kingine. Kilichokuwa karibu ni miguu. Akaketi kwenye benchi la wageni, akabaki hapo mpaka wakafunga ofisi.

Maji yalipatikana katikati ya Novemba, mita sitini na kitu kwenda chini. Goreti alifika Narung'ombe baada ya wiki, katika mzunguko wake wa kawaida, kamba ikiwa begani. Kisima cha zamani kilikuwa kimefunikwa, na saruji ya bomba jipya ilikuwa imekauka. Foleni ilikuwapo bado, lakini ilikuwa inatembea, na wanawake walizungumza wakiwa wamesimama, tayari kuondoka.

Mwamina alimjazia kikombe cha plastiki. Maji yalikuwa ya baridi, yana ladha ya chuma. Goreti akayanywa yote, akarudisha kikombe.

"Hapa kamba yako utaitumbukiza wapi?" Mwamina aliuliza. "Hakina mdomo."

"Hapa basi tena."

"Kwa hiyo umemaliza."

"Hapa. Vile vitatu vingine vya kata hii bado."

Mwamina aliitazama njia iendayo kisima cha pili, mwendo wa saa nzima katika jua lile. Dotto alikuwa amelipeleka gari kuzibwa pancha.

"Kule walifika ukuchani tangu mwezi wa nane," alisema.

"Najua."

"Kamba nipe mimi nikubebee, basi. Nitakusindikiza mpaka kwenye mikorosho."

Goreti akampa kamba. Wakaenda polepole, Mwamina mbele, kamba begani.